Namna ya Kutambua Mji Uliotoa Sarafu ya Kigiriki ya Enzi za Warumi

Anayeshika sarafu ya bronzi ya mji wa Kigiriki uliokuwa chini ya Roma huvutwa kwanza na kichwa cha kaisari, ilhali mji wenyewe kwa kawaida hutajwa upande wa pili. Huko huandikwa jina la wananchi kama wenye mali: ΕΦΕCΙΩΝ, yaani "ya Waefeso", au CΜΥΡΝΑΙΩΝ, "ya Wasmirna". Tafuta basi neno linaloishia kwa ΩΝ, ukikumbuka kwamba katika karne ya 2 na ya 3 herufi sigma (Σ) huchongwa kama C, na omega (Ω) mara nyingi kama W. Ielekeze sarafu kwenye mwanga unaotoka ubavuni, uizungushe polepole, na uandike kila herufi pamoja na nafasi za zilizofutika. Usiisugue hata kidogo, kwani utando wa kijani mara nyingi ndio uliohifadhi maandishi yaliyobaki.

Usikubali, hata hivyo, kila ΩΝ unayokutana nayo. ΝΕΩΚΟΡΩΝ ni cheo cha mji uliolinda hekalu la ibada ya kaisari, cheo ambacho miji ilikigombania kwa wivu mkubwa. Β au Γ inayoambatana nacho humaanisha kwamba mji ulikipata mara mbili au tatu. Neno ΕΠΙ nalo hutangulia jina la ofisa ambaye sarafu ilitolewa katika kipindi chake.

Majina yanayofanana ndiyo yanayosumbua zaidi. Ukisoma ΝΙΚΟΠΟΛΙΤΩΝ tu, bado hujafika. Endelea hadi jina la mto. ΠΡΟC ΙCΤΡΟΝ ni Nikopolis ya upande wa Danube, ambao Wagiriki waliuita Istros, na ΠΡΟC ΜΕCΤΩ ni ile ya Mto Nestos.

Maandishi yakiwa yamefutika kabisa, picha husaidia: safina yenye herufi ΝΩΕ, yaani Nuhu, ni ya Apamea ya Frigia, na miungu wa kike wawili wa kisasi, Nemesis, huelekeza Smirna. Artemi wa Efeso hastahili kuaminiwa hivyo, kwa maana miji mingine pia ilimchonga, hasa kwenye sarafu za mapatano zenye neno ΟΜΟΝΟΙΑ.

Hapo ndipo umrudie kaisari ili upate tarehe. Miji mingi iliacha kutoa sarafu wakati wa Gallienus, aliyetawala kuanzia 253 hadi 268, na Perga iliendelea hadi enzi ya Tacitus, 275–276. Ukiona umesoma jina la Diocletian, kaisari aliyetawala baada ya hao, kwenye sarafu unayodhani ni ya Efeso, anza kusoma upya. Diocletian mwenye maandishi ya Kigiriki utampata Alexandria ya Misri.