SOMO: Jinsi ya kuula wimbo mgumu kwenye gita kipande kwa kipande (maswali nimejibu chini)

Habari zenu wadau, hasa ndugu zangu wa huku Kusini. Majuzi kuna kijana alikuja hapa Shangani, Mtwara, na gita mgongoni, kakaa barazani akaniambia kaka mi naacha, huu wimbo umenishinda. Nikamuuliza umekushinda wapi? Akasema wote. Nikamwambia haya piga nisikie. Akapiga mwanzo safi kabisa, ubeti wa kwanza safi, wa pili safi, afu pale solo inapoanza kupanda mkono ukaganda, akaachia, akarudi tena mwanzo. Nikamwacha arudie mara nne na kila mara aliganda palepale, kipande cha kama sekunde nne hivi. Nikamwambia mdogo wangu, huu wimbo unaujua, kinachokushinda ni hizo sekunde nne na hujawahi kuzifanyia mazoezi hata siku moja.

Nimeamua niandike somo lote kwa sababu na mimi nilipita hukohuko na iliniuma. Miezi minne nilikuwa na wimbo mmoja wa dansi, kila jioni naupiga toka mwanzo mpaka nakwama, narudi mwanzo, nakwama, nalala. Nikaitwa kwenye harusi Mikindani, bendi ikaanza, mwanzo nikaupiga watu wakashangilia, kufika katikati vidole vikasimama na mpiga rithim ikabidi azunguke na kodi (chords) zilezile mpaka mwimbaji akaingia kunifunika. Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Ile miezi minne nilikuwa nimefanyia mazoezi mwanzo tu, mara mamia, na kwenye kile kipande kigumu nilikuwa naufundisha mkono namna ya kukwama.

HATUA YA 1: Weka gita chini kwanza
Ndio, liweke kabisa. Sikiliza kile kipande mpaka uweze kukiimba kwa mdomo, la la la au kwa do re mi kama umepitia kwaya, bila simu kukusaidia. Mkiwa wawili muimbie mwenzako, akikwambia hapo umeruka, kweli umeruka. Watu wengi wanaruka hii hatua wanakimbilia kutafuta freti (zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni), matokeo yake vidole vinatafuta kitu ambacho kichwa hakikijui. Mi natembea na hicho kipande toka Shangani mpaka sokoni naimba kimoyomoyo, nikirudi nusu ya kazi imeisha.

HATUA YA 2: Jua ni gita gani unalolisikia
Hapa ndo wengi wanapoumia bila kujua. Nyimbo zetu za dansi na zile za Kongo hazina gita moja, kuna solo linaloimba, kuna rithim linalopiga kodi, mara nyingi kuna na gita la katikati, wenyewe Wakongo wanaliita mi-solo, hapa kwetu second solo. Yani magita mawili matatu yanajibizana. Wewe umekaa chumbani Chikongola unasikiliza na spika ndogo ya simu unadhani ni mtu mmoja, unataka upige yote kwa mikono yako miwili, haiwezekani na haijawahi kuwezekana hata kwa aliyerekodi. Vaa earphone, sikiliza sikio la kushoto peke yake, afu la kulia peke yake, mara nyingi utakuta solo iko upande huu na rithim upande ule. Chagua moja, hilo ndo gita lako.

Na ujue lilipigwaje pia. Mzee Jean Bosco Mwenda, mpiga gita wa Katanga huko Kongo, yule ambae mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alikuwa anachuna kwa gumba na kidole cha shahada tu, gumba linatembeza besi na shahada inaimba. Sasa wewe unashika piki (kile kiplastiki cha kuchunia) unahangaika kuruka toka uzi wa 5 mpaka uzi wa 1, ule mwembamba kuliko wote, kwa kasi ile, utajiona huna kipaji kumbe umeshika kifaa ambacho sio. Weka piki mfukoni tumia vidole viwili, uone.

HATUA YA 3: Tafuta kidonda chenyewe
Piga polepole, pale mkono unapoganda simama uweke alama. Usiseme "solo ni ngumu", sema ni toka noti hii kwenda noti hii. Karibu mara zote ugumu uko kwenye kuhama, noti zenyewe ukizishika moja moja unaziweza.

Ngoja nioneshe kitu kimoja kwa karibu kwa sababu ndo kilichomgandisha yule kijana. Chukua ufunguo wa C. Solo nyingi zinatembea na sauti mbili kwa pamoja kwenye uzi wa 1 na wa 2, kama waimbaji wawili. Do na mi ni uzi wa 2 freti ya 1, uzi wa 1 wazi. Re na fa ni uzi wa 2 freti ya 3, uzi wa 1 freti ya 1. Mi na so, uzi wa 2 freti ya 5, uzi wa 1 freti ya 3, na zinazofuata nazitaja kwa mpangilio huohuo. Fa na la, 6 na 5. So na ti, 8 na 7. Sasa angalia umbali wa vidole: kwenye re-fa na mi-so vidole vimepishana freti mbili, kwenye fa-la na so-ti vimepishana freti moja. Kutoka re kwenda mi unateleza tu, mkono una umbo lilelile. Kutoka mi kwenda fa ndo umbo linabadilika hukuhuku mkono unahama, na hapo ndo watu wananyanyua vidole vyote viwili juu, wanarusha mkono, wanatua popote.

Dawa yake: shahada iwe uzi wa 1 na kidole cha pete uzi wa 2. Ukitaka kwenda fa-la, shahada ISITOKE kwenye uzi, ilegeze tu iteleze toka freti ya 3 mpaka ya 5, wakati huohuo cha pete kinaachia na cha kati kinashuka uzi wa 2 freti ya 6. Shahada ndo mwenyeji anaewaongoza wenzie. Fanya hivyo mara ishirini bila hata kuchuna, mkono wa kulia upumzike, macho kwenye shahada. Yule kijana alikaa na hiki kitu kimoja mpaka adhana ya magharibi, alivyoondoka alikuwa anapita hapo bila kuangalia.

HATUA YA 4: Spidi
Pakua programu ya metronomu (inayokugongea biti) kwenye simu, zipo za bure na zikishaingia hazili bando, hata umeme ukikatika unaendelea gizani. Tuseme wimbo uko 132, yani biti 132 kwa dakika. Anza 60. Ndio 60, usione aibu. Kikitoka safi mara tano mfululizo panda mpaka 64, safi tena mara tano, 68. Ukikosea ya nne hesabu inaanza upya. Toka 60 mpaka 132 ni ngazi 18, ukipanda mbili tu kwa siku ni siku tisa. Siku tisa! mi nilimaliza miezi minne.

YouTube pia ina sehemu ya kupunguza spidi, weka 0.5, sauti haishuki ufunguo, noti zinabaki zilezile, kwa hiyo unaweza kupiga pamoja nao.

HATUA YA 5: Shona
Kipande kikikaa usirudi mwanzo wa wimbo. Anza noti mbili kabla ya kidonda na umalizie noti mbili baada yake, afu biti nne kabla, afu mstari mzima. Mwanzo unaujua tayari, uache.

Dakika 25 kila siku zinatosha, mkono ukianza kuuma kwenye kiwiko au kiganja acha siku hiyo. Maumivu ya ncha za vidole ni kawaida, ya kiwiko sio kawaida.

MASWALI

Mdau wa Newala: Mkuu shukrani sana. Mimi hata huko kwenye solo sijafika, kodi ya F inanitesa, nyuzi zinanguruma tu, mwaka sasa.

Jibu: Pole sana kaka. Usianzie freti ya 1, pale nyuzi ndo zinakaza kuliko sehemu zote. Umbo hilohilo la F lipeleke freti ya 5, inakuwa A, hapo mkono unaweza. Ikikaa shuka ya 4, ya 3, kila siku moja, utafika F yenyewe bila vita. Kidole cha shahada kilaze kwa ubavu kidogo, ule upande wa gumba kwenye mfupa, sio kwenye nyama ya tumbo la kidole, na kisogeze karibu na chuma cha freti. Ikigoma bado, angalia nyuzi ziko juu kiasi gani pale kwenye kile kipande cheupe cha kichwani. Magita mengi ya bei rahisi yanakuja na hicho kipande kirefu mno, fundi anakichonga kidogo na mateso yanaisha. Tatizo linaweza lisiwe wewe kabisa.

Binti Mikindani: Kaka samahani, nyuzi zangu zinashika kutu haraka, nimebadilisha juzijuzi tu tayari zimekuwa nyeusi. Na nyingine naona kama inapiga uongo huku juu, nimetyuni vizuri lakini freti ya 10 sauti haiko.

Jibu: Dada ni chumvi ya bahari hiyo, wote tunaokaa huku tunaijua. Nawa mikono kabla ya kupiga, ukimaliza pitisha kitambaa kikavu uzi mmoja mmoja mpaka upande wa chini yake, afu gita liingie kwenye begi, usilitundike ukutani karibu na dirisha la baharini hata kama linapendeza. Huko juu ni kweli, uzi uliochoka hautyuniki sawa kwenye freti za juu, unajilaumu sikio kumbe uzi umekufa. Badilisha, na ukiagiza Dar agiza seti mbili kabisa zije na basi moja.

Tandahimba Moja: mwalimu huu msimu wa korosho mikono imeungua na yale mafuta ya ganda, tunabangua nyumbani, ngozi inabanduka kwenye vidole. Nikishika nyuzi ni moto. Nifanyeje nisipoteze niliyojifunza?

Jibu: Pole ndugu yangu, yale mafuta ni makali, naomba usishike nyuzi kabisa mpaka ngozi mpya ikaze, ukilazimisha utapasua kidonda na utakaa nje muda mrefu zaidi. Kipindi hiki fanya hatua ya 1, wakati unafanya kazi imba solo kwa mdomo, piga biti kwa mguu. Jioni shika gita bila kubonyeza, pitisha tu vidole juu ya nyuzi kama unazipapasa, umbo likae kichwani. Niamini, wenye kuimba vizuri wanarudi na wiki moja tu wako walipokuwa. Na kwenye kubangua pakeni majivu au mafuta ya kupikia mikononi kabla, au vaeni glavu kama zinapatikana.

Mpiga gita wa kwaya, Nachingwea: Bwana asifiwe mtumishi. Kinanda chetu wanapenda Eb (E flati), mi kodi za Eb vidole haviendi kabisa, waimbaji hawataki kushusha.

Jibu: Amina. Tumia kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni. Ibane freti ya 1 piga maumbo ya D, inatoka Eb. Au freti ya 3 upige maumbo ya C, nayo inatoka Eb, hiyo ya pili inang'aa zaidi na haigongani na kinanda. Wala usiogope mtu akisema kapo ni ya wanaoanza.

Mzee wa Lindi mjini: Nina miaka 58, nina rekodi za zamani za kaseti nataka kupiga pamoja nazo. Gita nimetyuni na programu, inaonesha sawa zote, lakini nikiwasha kaseti hatuelewani.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Gita lako liko sawa, kaseti ndo inakimbia au inachelewa. Mashine za kanda hazikuwa na mwendo mmoja, na ukanda wenyewe unavutika ukizeeka, kwa hiyo wimbo unapanda au unashuka kidogo, mara nyingi chini ya nusu sauti. Zima programu. Tafuta sehemu besi inapotulia kwenye noti moja ndefu, tyuni uzi mmoja ufanane nayo, afu nyuzi nyingine zifuate huo uzi. Ukimaliza na kaseti ndo urudi kwenye programu.

Mdau wa Newala: afu mkuu kwanini tusipakue tu zile tabu (tabs) za mtandaoni, namba zote zimeandikwa?

Jibu: Pakua, sikatazi, ila nyingi zimeandikwa na watu waliokisia, na za nyimbo zetu ni chache mno. Namba inakwambia freti, haikwambii kidole gani, na kidonda chetu kiko kwenye kidole gani. Sikiliza kwanza afu tumia tabu kuhakiki.

Chuno Boy: Kaka nimefuata hatua ya 4 toka ulivyonielekeza, nimefika 108, hapo pamegoma wiki nzima. Mkono wa kushoto uko fresh kabisa. Nalazimisha?

Jibu: Usilazimishe. Kama kushoto kuko sawa basi angalia kulia. Weka simu mbele ya mkono wa kulia ujirekodi sekunde kumi tu, afu itazame polepole.

Chuno Boy: Nimejirekodi. Napiga chini chini chini, piki hairudi juu kabisa, narudi hewani kila noti.

Jibu: Ndo hapo mdogo wangu, kila noti unaifanyia safari mbili. Rudi 72 leo, chini juu chini juu, piki itoke kidogo tu nje ya uzi. Kesho saa kumi na moja jioni nipo barazani, njoo na gita.