Mita ikisoma 13.4 usikimbilie kupokea mahindi (somo)

Wakuu, kila msimu naulizwa lile lile, "mita ya unyevu imesoma 13.4, nipokee nisipokee?" Naandika mara moja, ukiuliza tena nakurudisha hapa.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi 13.5%. Hiyo ni ya mahindi yenyewe, sio ya namba kwenye kioo. Mita yako inakosea, na ya unayemuuzia inakosea kivyake.

1. Hakikisha mita iko kwenye mahindi, sio ngano.

2. Piga bambo (kile chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli) magunia tofauti, juu, kati na chini, changanya.

3. Yakitoka turubaini ya moto, yaache yapoe.

4. Pima sampuli ile ile mara 10, kila mara mwaga ujaze upya. Toa ndogo kwenye kubwa, chukua theluthi mbili ya tofauti hiyo, ndiyo kuyumba kwa mita yako. Yangu ilicheza 12.9 mpaka 13.5, tofauti 0.6, basi 0.4.

5. Linganisha na oveni ya maabara, inayokausha mahindi kupata unyevu wake wa kweli. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa napokea mpaka 13.4 kwa raha zangu, nikapakia lori, kufika kiwandani wanasoma 14 na kitu, lori likalala getini siku mbili na dereva ananidai hela ya kulala. Kwenda maabara ndio najua mita yangu inasoma chini kwa 0.3 miaka yote. Na angalieni, mara ya kwanza nilipeleka sampuli kwenye bahasha ya karatasi, ikakauka njiani, majibu ya uongo. Weka kwenye chombo kisichopitisha hewa, kijae mpaka juu, nusu nyingine ya sampuli hiyo hiyo pima mwenyewe siku hiyo hiyo.

6. 13.5 toa 0.3 toa 0.4, mpaka wangu wa kupokea ni 12.8. Ikizidi hapo, anika. Kama yako inasoma juu, hiyo tofauti ya oveni unajumlisha.

MASWALI

Gunia Tupu: Mkuu kwa hiyo 13.4 napokea?

Jibu: Soma namba 6.

Gunia Tupu: Mita yangu ni mpya lakini

Jibu: Yangu nayo ilikuwa mpya.

Shamba Dogo: Huu si uonevu kwa mkulima? Mahindi ya 13 ni halali unayakataa.

Jibu: Sijakataa, nimesema anika. Lori likirudi utalipia wewe?

Mama Ghala: Nikipima mara nne nikachukua wastani, inasaidia?

Jibu: Swali zuri sana dada. Inasaidia, ile 0.4 inashuka nusu, inakuwa 0.2, mpaka unapanda 13.0 na mkulima wa Shamba Dogo anapona. Ila ile 0.3 hata upime mara mia haibanduki, hiyo dawa yake ni oveni tu.

Shamba Dogo: Sisi tunatumia chumvi, tunaitia na mahindi kwenye chupa kavu tunatikisa.

Jibu: Chumvi ikinata kwenye kioo cha chupa ujue yamepita 15 hivi, 13 na 14 haikutofautishii. Na chupa iwe kavu kweli, mimi nilitumia iliyosuuzwa asubuhi, chumvi ikanata hata kabla sijaweka mahindi.