Kratomu: mwone daktari kabla hujapanda ndege ya Entebbe

Desemba moja mdogo wangu alitua Entebbe akitokea Marekani. Siku ya pili jioni alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni kwa mama, ametota jasho, miguu inarusharusha shuka kana kwamba kuna kitu kinaitekenya kwa ndani. Alipiga miayo mfululizo huku machozi yakimtoka, vinyweleo vya mikono vimesimama. Mama akasema ni malaria. Kliniki ya mtaani nayo ikasema ni malaria, ikamchoma sindano bila kumpima damu. Usiku wa tatu aliniita pembeni, akaniambia: "Dada, hii si malaria. Ni ule unga ninaokunywa kule."

Unga wenyewe ni kratomu. Alikuwa anakunywa gramu 24 kwa siku, na alipokuwa akifunga mizigo aliuacha wote kwa kuogopa kukamatwa njiani. Kuuacha alifanya vizuri. Kosa lilikuwa kuuacha siku ileile ya safari bila daktari yeyote kujua. Naandika kwa ajili yenu mlioko nje, kwa sababu najua hayuko peke yake, na tulichojifunza wiki ile kwa mateso mnaweza kukijua mapema.

Kratomu hutokana na majani ya mti wa Kusini-Mashariki mwa Asia, Mitragyna speciosa, ulio wa ukoo mmoja na mbuni wetu wa kahawa. Huko Thailand na Malaysia vibarua wa mashambani wameyatafuna tangu zamani ili wavumilie kazi. Marekani unauzwa kama unga wa kijani, vidonge na vichupa vidogo, hata kwenye vituo vya mafuta, na pakiti imejaa maneno ya "asili" na "mitishamba". Ndugu yetu anayeinua wazee usiku kucha, au anayebeba maboksi ghalani, anaanza na kijiko kimoja kwa ajili ya mgongo. Baada ya miezi michache bila vijiko vitano hawezi kuamka.

Kiini chake, mitrajinini, hushika mwilini palepale panaposhikwa na mofini. Kwa hiyo ukikatisha ghafla, kinachokupata ni arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, ileile ya dawa za jamii ya afyuni: mafua, kuhara, maumivu ya misuli, kukosa usingizi, wasiwasi na hasira. Mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 48 baada ya dozi ya mwisho. Safari ya kutoka Marekani hadi Entebbe, pamoja na kusubiri ndege ya kuunganisha, inaweza kumaliza saa 20 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe: arosto inakukuta angani, au inakungoja mlangoni kwa mama.

Ndiyo maana kazi kubwa inafanyika huko uliko, wiki kadhaa kabla ya tiketi. Weka miadi na daktari wako wa kawaida. Kama huna daktari wala bima, Marekani kuna simu ya bure ya SAMHSA, idara ya serikali ya afya ya akili na uraibu, 1-800-662-4357, inayofanya kazi saa 24. Watakuelekeza kwenye kliniki ya karibu, zikiwemo zinazotoza kulingana na kipato. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Omba wa Kiswahili. Tafadhali usimfanye mtoto wako wa darasa la sita akutafsirie jambo hili.

Kabla ya miadi, chukua mizani ndogo ya jikoni upime kijiko chako. Kijiko cha chai cha unga huwa kama gramu 2 hadi 3, lakini ukikijaza mlima ni habari nyingine. Andika gramu kwa siku, mara ngapi, tangu lini, na kama ni unga, kichupa cha dawa iliyokamuliwa, au vile vidonge vya 7-OH, kemikali ya kratomu iliyokolezwa, ambavyo nguvu yake imepita kabisa ya majani ya kawaida. Nenda na pakiti yenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu kipimo cha kawaida cha mkojo hakioni kratomu: daktari atakuta mkojo safi, na usipomweleza atatafuta ugonjwa mwingine.

Atakachokupa kinategemea hali yako. Wengine hupunguziwa taratibu. Mdogo wangu, aliporudi Marekani na kuanza upya, daktari alimpunguzia gramu 2 kila baada ya siku nne, akamaliza kwa karibu wiki saba, akitumia na klonidini kutuliza jasho na mapigo ya moyo. Waliozama zaidi wakati mwingine hupewa buprenofini, dawa ya kuyeyusha chini ya ulimi. Hiyo kwa kawaida huanzwa arosto ikishaonekana. Ukiiwahi inaweza kukuletea arosto kali kwa mkupuo, kwa hiyo usipokee ya rafiki. Tangu 2023 daktari wa Marekani hahitaji tena kibali maalumu cha ziada kuiandika, hivyo usikubali kuambiwa kwamba ni mtaalamu mmoja tu wa mbali anayeweza.

Ukisafiri ukiwa kwenye dawa, ibebe kwenye boksi lake la famasi lenye jina lako, pamoja na barua ya daktari yenye dozi na tarehe, na uulize mapema Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda kuhusu dawa zinazodhibitiwa. Uliza pia kuhusu nchi unayopitia. Unga wa kijani usio na maelezo usiubebe hata kidogo, hasa kama unapitia Dubai, ambako sheria za madawa ni kali mno.

Sasa tuseme yamekukuta ukiwa Kampala tayari. Kwanza pima joto na upime malaria, hata kama una uhakika ni arosto. Aliyekaa nje miaka mingi kinga yake ya malaria imepungua, na malaria inaua haraka. Arosto kwa kawaida haileti homa kali. Ukiona 38 au zaidi, wahi maabara. Mboni za macho nazo zinasaidia: kwenye arosto hupanuka. Sisi tulimtazama mdogo wangu kwa tochi ya simu, mboni zake zilikuwa zimeacha ukingo mwembamba tu wa kahawia.

Kisha nenda Butabika. Najua jina hilo linavyotisha. Kampala mtu akitaja Butabika watu wanacheka na kusema umerukwa na akili, na mama alilia tulipolitaja. Lakini hospitali hiyo ya taifa ya magonjwa ya akili, iliyopo upande wa Luzira karibu na ziwa, ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya, na tangu 2020 ina kliniki ya methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu. Kliniki hiyo imelengwa hasa kwa watumiaji wa heroini, kwa hiyo mgeni wa wiki tatu asitegemee kuandikishwa. Unachofuata pale ni daktari na wauguzi ambao wameiona arosto kwa macho. Muuguzi alimshika mdogo wangu mkono, akapima mapigo, akaangalia mboni na vinyweleo, akajaza fomu kwa alama. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile mtu kumsikiliza mpaka mwisho. Kama uko Arua, Gulu au Mbale, ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa.

Huenda daktari hajawahi kusikia kratomu. Mwandikie jina la mti kwenye karatasi, umwambie inafanya kazi kama dawa za jamii ya afyuni, umpe gramu na saa ya dozi ya mwisho. Taja kila dawa nyingine unayomeza, ziwemo za mfadhaiko, kifua kikuu na ARV, kwa kuwa kratomu huingiliana na baadhi ya dawa na kuna watu imewaumiza ini. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa wa rangi ya chai, au mtu akipata degedege, hiyo ni dharura: mpelekeni hospitali kubwa saa hiyohiyo.

Kuna kitu kimoja kinaniogopesha kuliko vyote. Ukiingia famasi kuomba "kitu cha maumivu", unaweza kuondoka na tramadoli. Tramadoli nayo ni ya jamii hiyohiyo, inaleta uraibu wake, na juu ya kratomu inaongeza hatari ya degedege. Usiguse pia vidonge vya usingizi vya kuazima, wala pombe. Ukiwa unangoja daktari, kunywa ORS kwa ajili ya kuhara, oga maji ya moto, kaa na mtu chumbani.

Mama tulimwambia siku ya nne. Sikutumia neno teja, na naomba asiwepo wa kulitumia nyumbani kwenu. Nilimwambia kwamba mwanawe alikunywa dawa ya mgongo ikamfunga, na kwamba daktari anaifungua. Akanyamaza, akaenda jikoni, akarudi na uji wa mtama. Alipotaka aje mchungaji, tulikubali, ila dawa nyingine yoyote ya majani tuliikataa mpaka daktari aseme.

Kwake mateso yalipungua siku ya tano, ila usingizi ulichelewa sana kurudi. Miadi ya daktari wako wa kule Marekani, kwa wiki unayorudi, iwekwe kabla hujaondoka Kampala, maana kile kituo cha mafuta karibu na kazini bado kinauza. Yeye sasa anajaza mafuta kwingine, dakika kumi mbele.