Sarafu yako ya Kirumi imekaa vibaya? Angalia kama ni ya kuiga ya zamani kabla hujasema feki

Wadau wa Tanga na kwingineko, hii ni kwa wale wanaoagiza mtandaoni vile vifurushi vya sarafu ndogo za shaba za Kirumi za karne ya 4, maana naona ikitoka moja ina sura ya ajabu mtu anasema kapigwa. Sio lazima. Huko Uingereza na Gaul, yaani Ufaransa ya leo, chenji ilikuwa inakatika, serikali haileti, basi watu wakajigongea za kwao soko lisisimame, shida ile ile iliyomfanya Mjerumani agonge sarafu za heller pale Tabora mwaka 1916. Kwa hiyo ni ya kuiga lakini ni ya zamani kweli, na mimi binafsi nazipenda kuliko za serikali.

Kwanza usiisugue. Mkono utawasha uchukue ndimu au ukwaju kama tunavyosafisha sinia, acha, ile ngozi ya kijani ndo imeshika maandishi.

Halafu pima, mizani ya sonara inatosha, Ngamiani wapo, muombe tu. Zile za wanajeshi wawili, zilizoandikwa GLORIA EXERCITVS, zenye bendera mbili katikati ni za 330 mpaka 335 na za serikali zina kama gramu 2.5, zenye bendera moja ni za 335 mpaka 341 na zimeshuka kwenye 1.5 hivi. Zilizoandikwa FEL TEMP REPARATIO, askari anamchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka, zilianza 348 zikiwa kubwa, gramu 4 na zaidi, baadaye zikapungua. Hizi ndo ziliigwa balaa, hasa baada ya Magnentius, mwasi aliyejifanya mfalme, kuangushwa 353 na pesa zake kupigwa marufuku, utakuta nyingine haifiki milimita 10 wala gramu moja, na nyingine imegongwa juu ya sarafu ya zamani mpaka picha ya chini inachungulia.

Sasa maandishi, hapa ndo penyewe. Piga picha kwa simu, mwanga utoke pembeni, vuta karibu usome herufi moja moja. Wengi waliochonga mihuri ya kugongea sarafu hizo ni kama hawakujua kusoma, walinakili maumbo tu, kwa hiyo herufi zinageuka nyuma mbele, zinarukwa, au zinaishia kuwa vijiti IIIII mzunguko mzima. Mfalme anakuwa na jicho kubwa na nywele za mistari mistari, mpanda farasi anabaki vijiti. Zile herufi za chini za kuonyesha mji ilikogongwa, TRP ya Trier au PLG ya Lyon, zisikudanganye, nazo ziliigwa. Ila iliyochakaa ni habari nyingine, kama herufi chache zilizobaki zimekaa mahali pake na kwa mpangilio sahihi, hiyo huenda ni ya serikali imetembea mifuko mingi tu.

Mbele imeandikwa VRBS ROMA lakini nyuma hakuna mbwa mwitu na watoto wawili? Shtuka, ila usihukumu kwa dalili moja, subiri ziwe mbili tatu, uzito na herufi na sura.

Feki ya kisasa mara nyingi imemiminwa, ina mstari wa kiungo ukingoni na vitundu vya hewa, na ukikuta mbili zina kovu lile lile sehemu ile ile kaa mbali. Japo Misri mwanzoni mwa karne ya 4 walikuwa wanamimina pia kwenye kalibu za udongo, kwa hiyo hapo muulize mzoefu. Na kama kifurushi kimetoka Sri Lanka usitupe vile vidogo kabisa, kule nako waliiga za Kirumi kwa wingi.

Kutunza sasa, na hewa yetu ya bahari hii: weka kwenye kopo linalofunga na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, ukiona unga wa kijani mpauke unaomeguka itenge na wenzake haraka.