Kupanga chumba na kupata pa kulaza gari unapohamia Mlimani

Mwanafunzi anayehamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kutoka chuo kingine hufika akiwa amechelewa hata kama hakuzembea popote. Uhamisho hupitia utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na mara nyingi majibu hutoka wakati vitanda vya hosteli vimekwisha kugawiwa, naye hajapewa bado namba ya usajili ya kumwezesha kuomba nafasi kwenye mfumo wa chuo. Kama ni mnufaika wa mkopo, jina lake nalo linapaswa kuhamishwa, kwa hiyo bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, linaweza kuchelewa kuliko la wenzake aliowakuta. Katika hali hiyo, kosa la gharama kubwa ni kulipa kodi ya mwaka mzima katika wiki ya kwanza kwa sababu ya hofu ya kukosa mahali pa kulala. Tafuta kwanza mahali pa wiki mbili au tatu, kwa ndugu, kwa rafiki au katika hosteli binafsi inayopokea malipo ya mwezi mmoja mmoja, kisha utafute chumba ukiwa umeshapata ratiba ya vipindi mkononi.

Nafasi ya hosteli iombwe hata kama umeambiwa zimejaa. Hosteli za Magufuli, zilizozinduliwa Aprili 2017, zina majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, na kuna pia mabweni ya zamani ndani ya kampasi pamoja na hosteli ya Mabibo iliyo nje yake. Bei ya hosteli hizi haishindwi kirahisi na chumba chochote cha mtaani. Wapo watakaokushauri ubebwe, yaani ulale kitanda kimoja na mwenye nafasi halali. Jambo hilo limezoeleka, lakini sheria za hosteli hazilikubali, na anayehatarisha nafasi yake ni mwenyeji wako zaidi kuliko wewe.

Mtaani, maeneo yanayofikiriwa kwanza ni Savei, Changanyikeni, Msewe, Makongo na Sinza, na kwa anayetafuta kodi ya chini, Kimara na kwingineko kando ya Barabara ya Morogoro. Usilinganishe maeneo haya kwa kodi peke yake. Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwishoni mwa 2023 kwa daladala ya safari isiyozidi kilometa 10 ni Sh600, na mwanafunzi wa chuo hulipa kama mtu mzima. Anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi hutumia Sh2,400 kwa siku, ambazo kwa siku 22 za masomo ni Sh52,800. Tuseme basi umepata chumba cha Sh50,000 kwa mwezi huko mbali na kingine cha Sh90,000 unakotembea kwa miguu hadi darasani: hicho cha pili ndicho cha bei nafuu, tena hakikuamshi alfajiri kugombania mlango wa daladala. Hesabu hiyo hubadilika ikiwa vipindi vyako vimekusanywa katika siku tatu za wiki, na ndiyo maana nimesema ratiba itangulie.

Umeme unahitaji maswali mengi kuliko wapangaji wengi wanavyouliza. Mteja mdogo wa majumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi amekuwa akitozwa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, wakati mteja wa kawaida wa kundi la T1 hutozwa Sh292. Nyumba yenye wapangaji sita wanaochangia mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni vigumu ibaki ndani ya uniti 75, hivyo hata wewe mwenye taa moja na chaja ya simu unanunua umeme kwa bei ya jirani mwenye friji. Isitoshe, tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na kwenye mita ya kuchangia anayenunua umeme wa kwanza mwezi unapoanza ndiye anayeona fedha zake zimepungua. Kisheria mzigo huo ni wa mwenye nyumba, ila wachache hurudisha bila kuambiwa. Uliza kama chumba kina mita yake. Kama hakina, uliza ni nani hukusanya michango na kwa kiwango gani. Kuhusu maji, fungua bomba mwenyewe, kisha uangalie kama kuna simtanki. Jibu la kwamba maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yapo halikuambii yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Dalali atakudai fedha ya kukuzungusha na, mkikubaliana, kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo chumba cha Sh80,000 kinacholipiwa miezi sita hakihitaji Sh480,000 bali Sh560,000 siku ya kuingia, kabla hujanunua godoro. Usimpe dalali kodi yenyewe. Mlipe mwenye nyumba, ikiwezekana kwa njia inayoacha kumbukumbu, na kabla ya hapo pita ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe uulize kama nyumba ni ya huyo anayejitambulisha. Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na mwenye nyumba wa kweli hatalichukia.

Sasa gari. Wanafunzi wenye usafiri wao ni wachache, lakini wanaohama katikati ya masomo mara nyingi ni watu wazima wenye kazi, na pikipiki au gari huja pamoja nao. Mchana tatizo si kubwa ukiwa na kitambulisho na ukizingatia sehemu zilizotengwa kampasini. Tatizo ni usiku. Neno la dalali kwamba nyumba ina parking huweza kumaanisha uwanja wenye geti, au kipande cha njia mbele ya ukuta ambapo gari tatu tayari zimebanana. Nenda ukaone saa mbili usiku, wakati wote wamesharudi. Angalia kama gari la nyuma linaweza kutoka bila kuamsha watu wawili, nani ana ufunguo wa geti, na kama pikipiki inaweza kuingizwa ndani badala ya kufungwa mnyororo kwenye mti. Huko Makongo na Changanyikeni kuna njia za udongo zenye miteremko, na gari lenye tumbo la chini hupata shida masika. Sinza barabara ni nzuri zaidi, ila zile nyumba zilizo karibu na Mto Ng'ombe zikaguliwe ukuta kwa alama za maji.

Nyumba isiyo na nafasi haimaanishi lazima uiache. Vituo vya mafuta na viwanja vya kuoshea magari vyenye mlinzi hupokea magari ya kulaza kwa malipo ya usiku au ya mwezi. Ongeza malipo hayo kwenye kodi, kisha linganisha na chumba chenye uwanja wake. Kwa anayeishi umbali wa kutembea, mara nyingi jibu la hesabu ni kwamba gari libaki nyumbani kwa wazazi hadi likizo. Ukiegesha kando ya barabara kwenye maeneo ya ushuru, kumbuka kwamba TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, huandikia deni namba ya gari, kwa hiyo kama gari ni la kaka yako, deni ni lake.

Mkataba uandikwe hata kwa chumba kimoja, na utaje mahali pa gari kwa maneno, kwa mfano ndani ya geti upande wa kisima, kwa sababu bila hivyo mpangaji mpya akija na gari kubwa hutakuwa na cha kuonyesha. Omba miezi mitatu au sita, usikubali mwaka: masomo hufungwa katikati ya mwaka, na utalipia miezi ya likizo chumba kisicho na mtu. Miezi ya mkataba iishie karibu na mwanzo wa muhula wa pili, kisha wiki mbili kabla ya hapo rudi ofisi ya hosteli, kwani wapo wanaoahirisha masomo na vitanda vyao hubaki wazi.