Jinsi ya kuusikia mvumo wa valvu ya mitrali iliyobana

Aliyeugua homa ya rumatiki utotoni anaweza kufika kliniki miaka mingi baadaye akihema kwa kupanda ngazi tu, au akiwa mjamzito, wakati damu mwilini imeongezeka na moyo unalemewa. Valvu ya mitrali, kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imekakamaa na njia imekuwa nyembamba. Mvumo wake, yaani sauti ya damu ikipita hapo, ni mzito na wa chini sana. Ukiwa na haraka utakupita.

Zima feni. Vya masikioni vya stethoskopu, kifaa cha kusikilizia moyo, vielekee mbele, upande wa pua. Ukivigeuza vinaziba kwenye ukuta wa tundu la sikio. Sikiliza kwenye ngozi, maana kanga hukwaruza.

Mgonjwa akiwa amelala, kichwa kimeinuliwa nyuzi 45, tafuta kwa vidole pale moyo unapogonga: kwa kawaida nafasi ya tano ya mbavu, usawa wa katikati ya mtulinga wa kushoto. Weka kiwambo, upande mpana na bapa wa stethoskopu. Kila pigo la moyo lina milio miwili. Ili kujua mlio wa kwanza ni upi, gusa ateri ya shingoni: ndio unaokwenda pamoja na pigo. Pigo la kifundo cha mkono huchelewa, litakudanganya. Mlio wa kwanza ukiwa mkali kuliko kawaida, tega sikio zaidi.

Sasa alalie ubavu wa kushoto ili moyo usogelee ukuta wa kifua. Tafuta pigo upya, kwani limehama. Geuza upande wa kengele, ule mdogo wenye umbo la kikombe, na uuweke kwa wepesi, ukingo uzibe tu. Wengi huharibu hapa: ukikandamiza, ngozi hutanuka ikawa kiwambo na sauti za chini hufa. Ni kosa lenye faida hata hivyo. Mvumo unaopotea ukikandamiza na kurudi ukilegeza ni wa chini kweli.

Mwambie atoe pumzi na aizuie kidogo. Nawe zuia yako, utajua lini amechoka. Baada ya mlio wa pili huja kidoko kifupi, kisha ngurumo kama ya lori linalopita barabara ya mbali. Kadiri kidoko kinavyousogelea mlio wa pili na ngurumo inavyorefuka, ndivyo valvu ilivyobana zaidi. Ukubwa wa sauti si kipimo. Usiposikia kitu, na hali yake ikiruhusu, aketi na kulala mara kadhaa, kisha rudia mara moja kabla moyo haujatulia.

Mvumo unaojaza nafasi kati ya mlio wa kwanza na wa pili, ukaenea hadi kwapani, ni wa valvu inayovuja. Mara nyingi yote mawili huwa kwa mgonjwa mmoja, na hapo eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ndiyo itakayoamua.