Ukialikwa mezani kwa Waholanzi

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Leiden. Ndugu wanaokuja Uholanzi kusoma au kufuata wenza wao huniuliza mambo yaleyale: watakula nini, na watakaaje na wenyeji mezani. Nayaweka hapa niwajibu wote kwa pamoja.

La kwanza ni saa. Chakula cha jioni huliwa kama saa kumi na mbili, nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Muda huo usimpitie mtu kwa salamu. Kwetu Tanga mgeni akikuta watu wanakula huambiwa karibu na kusogezewa sahani. Hapa viazi vimechemshwa kwa idadi ya waliopo na vipande vya nyama vimehesabiwa, kwa hiyo ukibisha hodi unamweka mwenyeji mahali pagumu: hana cha kukupa, na kula mbele yako anaona haya. Naomba usiuite uchoyo. Panga naye siku, hata wiki mbili mbele, aiandike. Siku hiyo utakuta amekupikia wewe, tena kwa moyo. Na ukialikwa saa mbili usiku, jua ni kahawa. Ule kwako kwanza.

Kahawa ya asubuhi ni saa nne. Kazini kwetu saa hiyo kila kitu husimama, wazee hukusanyika, vikombe huzunguka, na kila kikombe na biskuti moja. Bati likifika kwako chukua moja, usilishike. Likirudi mara ya pili, chukua tena bila wasiwasi.

Wageni wengi husema Waholanzi ni wabahili wa chakula, na maneno hayo huniuma kwa sababu ya wazee ninaowahudumia. Wapo waliokuwa watoto wadogo majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani wakiwa bado wameikalia nchi. Chakula kilikatika kwenye miji ya magharibi, watu wakala viazisukari vya mashambani na hata vitunguu vya maua ya tulipu. Waliokufa walizidi 20,000. Mtu aliyelelewa na mama aliyepita humo hamwagi mchuzi wala hatupi kipande cha mkate. Mpaka leo yapo majiko yenye kijiti kirefu chenye ncha ya mpira, flessenlikker, cha kukwangulia maziwa mazito ya vla yaliyoganda ndani ya chupa. Ukipakuliwa, basi, maliza sahani. Ukiona ni kingi, sema kabla hakijapakuliwa.

Mchana usitegemee wali. Ni mkate: siagi, jibini, au chembechembe za chokoleti ziitwazo hagelslag, ambazo watu wazima na heshima zao hula bila shida. Pembeni ni glasi ya maziwa, au karnemelk, maziwa machachu mepesi; aliyezoea mtindi atayapenda mara moja. Zamani chakula cha moto kililiwa mchana, na wazee wetu wengi bado wanataka hivyo, mkate ukasubiri jioni. Kama tumbo lako linadai ugali saa saba, beba wako kazini.

Jibini lina umri. Jong ni changa na laini, oud ni kali na kavu. Anza na belegen, la katikati. Likatwe kwa kile kisu bapa chenye mwanya, kaasschaaf, ukikivuta sawasawa juu ya kipande chote. Usichimbe katikati ukaacha shimo. Mwenyeji anaweza kunyamaza, lakini ataliona.

Kwa Waislamu wenzangu hapa ndipo pa kuwa macho. Rookworst, ile soseji inayokuja na stamppot ya viazi vilivyopondwa na boerenkool (mboga hiyo ni jamaa wa karibu wa sukuma wiki), kwa kawaida ina nguruwe. Supu nzito ya njegere nayo hupikwa na nguruwe. Frikandel, soseji ya kukaangwa, ni nyama mchanganyiko. Bitterballen, vidonge vya nyama vya kukaangwa, mara nyingi ni ng'ombe, lakini uliza, na uliza pia kama ni halali. Sema siku unapoalikwa, kwa maneno manyoofu. Mholanzi hachukii swali la wazi. Kinachomsumbua ni mgeni anayekaa kimya na sahani imejaa.

Samaki wa haring wa msimu mpya huanza kuuzwa Juni. Huliwa bila kupikwa, na vitunguu vilivyokatwakatwa. Usiogope: sheria inataka agandishwe kwanza ili minyoo ife. Hapa Leiden hugawiwa pamoja na mkate mweupe kila tarehe 3 Oktoba, kukumbuka mwaka 1574 mji ulipookolewa baada ya kuzingirwa na jeshi la Wahispania, watu wakiwa wanakufa kwa njaa. Siku hiyo majumbani hupikwa hutspot, viazi, karoti na vitunguu vilivyopondwa pamoja. Ukialikwa, nenda.

Siku ya kuzaliwa ya mtu, viti hupangwa duara. Mpe hongera mwenye siku yake, kisha mama yake, mume wake, na kila aliyekaa pale. Akizaliwa mtoto utapewa beschuit, mkate mkavu wa duara wenye siagi na vijipipi vya anisi: buluu na nyeupe kwa wa kiume, waridi na nyeupe kwa wa kike. Kula ukiwa umeinama juu ya sahani, maana vinamwagika.

Mkienda mgahawani kila mtu hulipia chake. Mmoja akitangulia kulipa, atakutumia ombi la malipo kwa simu kupitia programu iitwayo Tikkie, hata kama ni euro chache. Lipa siku hiyohiyo.

Na hamu ya nyumbani ikizidi, tafuta maduka ya Wasuriname na Waindonesia, wenyewe huita toko. Muhogo ni cassave, ndizi za kupika ni bakbanaan, bamia ni oker. Mimi hupanda treni hadi Den Haag, kwenye soko la Haagse Markt, linalofunguliwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Nenda na kikapu chako, na muhogo uukague kwa kuvunja ncha: ukiwa na mistari myeusi ndani, rudisha.